Nimepata kozi ya ualimu ya wiki nne Uingereza, niombe viza gani?

Ticha wa Temeke (mleta uzi)

Wakuu, heri ya jioni. Naomba mawazo ya walimu wenzangu na yeyote aliyewahi kupita njia hii.

Nafundisha Kiingereza sekondari ya serikali hapa Temeke. Nimepata nafasi ya kusoma CELTA (cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha) Uingereza, kozi ya wiki nne, inaanza katikati ya Juni shule zikiwa zimefungwa. Sehemu ya ada nimeshalipa, iliyobaki naikopa SACCOS yetu ya walimu, na dada yangu aliyeko Mwanza amekubali kunikatia tiketi. Barua ya chuo ninayo.

Kinachonitatiza ni viza. Pale ofisini kila mtu ana lake. Mmoja anasema niombe ya mwanafunzi maana naenda kusoma. Mwingine anasema niandike naenda kutembea tu, kozi nisiitaje kabisa, kwa kuwa ukitaja masomo wanakubana. Nikaenda kwa jamaa mmoja maeneo ya Posta anayejazia watu fomu, akaniambia ipo "viza ya mafunzo ya muda mfupi" na kwamba atanishughulikia mpaka itoke. Bei aliyotaja inazidi mshahara wangu wa mwezi. Nikaaga nikaondoka.

Halafu mwenzangu tunayefundisha naye amepata kozi ya wiki mbili Ireland. Anauliza kama akipata ya Uingereza inamtosha kuingia na kule.

Nawasilisha.

---

Chaki Nyeupe

Hongera sana mwalimu. Kutoa mfukoni mwako ili ukafundishe watoto wa Temeke vizuri zaidi si jambo dogo, na nisingependa likwame kwa sababu ya ushauri wa ofisini.

Nimewasaidia walimu wengi kupanga makaratasi ya safari za namna hii, na wote huwa nawaambia jambo hilohilo: usianze na jina la viza, anza na barua ya chuo. Isome na kalamu mkononi. Kozi inaanza lini na kuisha lini? Kila siku utakuwa unafanya nini? Utafundisha? Kama ndiyo, utamfundisha nani, na wapi? Kuna malipo yoyote utakayopewa? Chuo kina ithibati ya nani? Ukishajibu hayo, hubaki na viza nyingi za kuchagua.

Kwa kesi yako, viza ni ile ya mgeni wa kawaida, wenyewe wanaiita Standard Visitor. Watu wengi wanadhani ni ya utalii peke yake. Siyo. Inaruhusu kusoma hadi miezi 6, mradi chuo kiwe na ithibati inayotambuliwa na serikali yao. Kwa vituo vya Kiingereza na ualimu wa Kiingereza, ithibati inayoonekana sana ni ya British Council, na vyombo vingine vipo. Kwa hiyo kazi ya kwanza: waandikie chuo, waulize ithibati yao ni ya nani, na jibu liwe kwa maandishi kwenye barua yenyewe. Barua nyingi za udahili nilizoziona zinataja ada na tarehe tu, hilo la ithibati halimo.

Sasa hiyo ya jamaa wa Posta. Viza ya Short-term Study ipo kweli, ila si yako. Tangu Desemba 2020 imebaki kwa watu wanaokwenda kujifunza lugha ya Kiingereza, kozi ya zaidi ya miezi 6 na isiyozidi 11. Wewe huendi kujifunza Kiingereza, unakwenda kujifunza kukifundisha, tena wiki nne. Ukiomba ile unaomba kitu usichostahili, na ada ya viza ikishaliwa hairudi.

Ya mwanafunzi (Student) nayo inataka chuo chenye leseni ya kudhamini wanafunzi, kikupe namba ya udhamini inayoitwa CAS, na ada yake ni mara kadhaa ya ile ya mgeni. Kwa kozi ya wiki nne ni kubeba mzigo usiohitajika.

Ada ya mgeni ilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 115 hadi 127. Huwa wanaibadilisha mara kwa mara, kwa hiyo soma bei kwenye gov.uk siku ileile unayolipa. Maombi yanafunguka miezi 3 kabla ya safari na majibu kwa kawaida ni wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Ukisafiri Juni, mwezi wa tatu uwe umeshakaa tayari.

Mwenzako wa Ireland: hapana. Ireland ina viza yake, na haimo pia Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Upo mpango wa Uingereza na Ireland kutambua viza moja, lakini ni kwa raia wa India na China. Mtanzania anaomba mbili. Kwa wiki mbili aombe ya muda mfupi, ile ya C, mwisho siku 90, na kwenye fomu achague kusudi la masomo. Ya kuingia mara moja ni yuro 60. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye mfumo wao wa AVATS, unachapisha muhtasari, unausaini na kuupeleka pamoja na nyaraka. Anayesahau kusaini muhtasari anajichelewesha bure.

---

Jamaa wa Kariakoo

Wakuu mimi nawaambia ya mtaani. Andika unakwenda kutembea, weka hoteli, weka picha za Big Ben, basi. Nimeona watu wamepita hivyo na kozi wakasoma. Ukianza kueleza sijui ithibati sijui nini, unampa ofisa maswali.

---

Chaki Nyeupe

Ndugu yangu wa Kariakoo, wapo waliopita hivyo, sibishi. Lakini fikiria mwalimu huyu amefika uwanja wa ndege, ofisa anamuuliza anakaa siku ngapi na anafanya nini, na kwenye begi ana daftari la kozi na risiti ya ada. Atajibu nini? Viza kuwa nayo hakumaanishi kwamba mpakani hawawezi kukurudisha.

Halafu Uingereza, wakigundua umedanganya kwenye maombi, adhabu yake ni kufungiwa hadi miaka 10. Na nchi nyingine fomu zao zinakuuliza: umewahi kunyimwa viza popote? Mwalimu wa miaka 30 na kitu anajifungia milango mpaka ana miaka 40 na kitu, kwa jambo ambalo sheria ilishamruhusu waziwazi. Kozi yake ni halali, chuo ni halali, viza ya mgeni inaruhusu. Anaficha nini sasa?

Naomba kwenye uzi huu tusimshauri mtu kudanganya.

---

Madam Tabata

Naunga mkono kwa nguvu zote. Mimi niliandika kila kitu wazi: naenda kozi, chuo hiki, tarehe hizi, narudi kufungua muhula. Barua ya mkuu wa shule ilitaja mpaka madarasa yanayonisubiri. Nikapata. Mwalimu aliyesema kweli hana cha kukariri akiitwa kwenye usaili.

---

Ticha wa Temeke (mleta uzi)

Chaki Nyeupe, Mungu akubariki. Jambo moja limebaki linanikosesha usingizi. CELTA ina mazoezi ya kufundisha, saa 6 zinazosahihishwa, katika viwango viwili vya wanafunzi. Na nimesoma kwamba viza ya mgeni hairuhusu kufanya kazi, iwe ya kulipwa au ya bure. Je, kufundisha huko si kazi?

---

Chaki Nyeupe

Hili ndilo swali nililotaka uulize, na wengi hawaulizi mpaka wamefika mbali.

Mazoezi ya CELTA yanafanyika ndani ya kituo chenyewe. Wanafunzi ni watu wazima wanaokuja kujifunza Kiingereza wakijua kabisa kwamba anayewafundisha ni mwalimu aliye mafunzoni. Mkufunzi amekaa nyuma anaandika, na somo likiisha mnalichambua. Kituo hakikuhesabu kama mfanyakazi wake na hakuna kibarua unachomzibia mtu. Ni sehemu ya masomo, sawa na mwanafunzi wa udaktari anavyosimama mbele ya mkufunzi wake.

Penye hatari ni kozi za aina nyingine, na hapa naomba walimu wote mnaosoma uzi huu mtulie. Zipo kozi fupi zinazokupa wiki moja ya nadharia kisha zinakupeleka shule ya kawaida wiki tatu "kupata uzoefu", unapangiwa vipindi, unamsaidia mwalimu wa darasa, pengine wanakupa nauli. Hiyo kwa Uingereza inaitwa work placement na viza ya mgeni haiiruhusu hata kama hulipwi senti. Tangazo linaweza kuiita mafunzo, ofisa anaangalia utafanya nini. Kukaa nyuma ya darasa ukitazama mwenzako anavyofundisha ni kitu kimoja. Kukabidhiwa darasa la watoto wa watu ni kitu kingine. Kama barua ya chuo haitenganishi hayo mawili, waandikie wafafanue kabla hujalipa hata ada.

Wewe waombe chuo waongeze sentensi mbili tu: kwamba mazoezi ya kufundisha ni sehemu ya tathmini ya kozi, yanafanyika ndani ya kituo na wanafunzi wa kujitolea, na hakuna malipo. Vituo vya CELTA vinapokea watu wa nchi nyingi, hawatakushangaa.

Na ujue mapema: ukiwa kule kwa viza ya mgeni huwezi kuigeuza kuwa ya mwanafunzi au ya kazi ukiwa palepale. Kozi ikiisha unarudi.

---

Mtumishi wa Halmashauri

Salaam walimu. Naona mnazungumza ya ubalozini, mmeruka ya nyumbani. Ndugu mleta uzi wewe ni mtumishi wa umma. Huondoki nchini bila kibali, hata kama unajilipia na hata kama ni likizo. Barua yako inaanzia kwa mkuu wa shule, inapita kwa afisa elimu sekondari, inakwenda kwa mkurugenzi wa manispaa, ndipo ngazi za juu zinaendelea nayo. Ambatisha barua ya chuo, ratiba ya kozi na maelezo ya nani anagharamia. Hilo la nani anagharamia huwa ndilo la kwanza kuulizwa, likikosekana barua inarudi.

Naomba usisubiri viza itoke ndipo uombe kibali. Peleka sasa. Na kibali chenyewe kitakusaidia kwenye viza. Ofisa wa viza anataka kujua kama utarudi. Barua ya mwajiri inayosema wewe ni mwajiriwa wa kudumu, umeruhusiwa kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na unatakiwa kuripoti kituoni tarehe fulani, ina uzito kuliko maneno yako mwenyewe kurasa kumi.

Barua zetu ni za Kiswahili, na hapo wengi wanakwama. Uingereza wanataka nyaraka isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri iliyothibitishwa, yenye jina na saini ya mfasiri, tarehe, na maneno kwamba tafsiri ni sahihi. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo. Wapelekee mapema. Usitafsiri mwenyewe ati kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Kiingereza.

---

Ticha wa Temeke (mleta uzi)

Ya BAKITA sikuwa nimeifikiria kabisa. Asante sana mkubwa.

Na suala la fedha? Akaunti yangu ni ya mshahara. Ukiingia tarehe za mwisho wa mwezi, siku ya tano hauna kitu. Mnaelewa maisha yetu.

---

Madam Tabata

Tunaelewa sana.

Kosa ambalo nimeliona kwa wengi ni kwenda kuazima milioni kadhaa kwenye kikoba, kuziweka benki wiki moja kabla ya maombi, kutoa stetimenti, kisha kuzirudisha. Ofisa anaona miezi mitano mtu ana salio la laki moja na nusu, ghafla pesa inaingia kwa mkupuo bila maelezo. Ni bora akaunti ya mwalimu ionekane ya mwalimu. Weka salari slipu, stetimenti ya miezi sita, risiti ya ada uliyolipa, na mkataba wa mkopo wa SACCOS unaoonyesha kiasi na makato ya kila mwezi. Ikiingia pesa ya mkopo, karatasi inayoieleza iko pembeni yake.

Dada anayekata tiketi naye aandike barua kwa jina lake, aseme ni nani kwako, anagharamia nini, na aweke stetimenti yake na kitambulisho cha NIDA. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA vyenye majina ya wazazi walewale ndivyo vinavyothibitisha kwamba ni dada. Kama anafanya biashara, weka leseni au karatasi za TRA.

Halafu hesabu zako zikae kwenye ukurasa mmoja. Ada kiasi hiki, imelipwa hiki. Malazi hiki, yapo hapa. Chakula na nauli hiki. Anayelipa fulani. Ofisa ana mafaili mengi mezani, mrahisishie.

---

Mwalimu wa Kijerumani

Naingia kwa upande wa Ujerumani na nchi za Schengen, maana najua humu kuna wanaosubiri semina za majira ya joto.

Kozi isiyozidi siku 90 unaomba Schengen ya C. Ikizidi 90 ni viza ya taifa, D, ambayo ni safari nyingine kabisa ya makaratasi. Unaomba kwa nchi utakayokaa zaidi. Kozi ikiwa Ujerumani wiki tatu na unataka kupita Paris siku mbili kumsalimia ndugu, unaomba Ujerumani hata kama ndege inatua kwanza Ufaransa. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House pale Garden Avenue, jengo moja na Waingereza na Waholanzi, kwa hiyo watu huchanganya milango. Nchi isiyo na ubalozi hapa Dar mara nyingi inawakilishwa na nyingine, uliza kwanza kabla hujachukua miadi.

Ada ni yuro 90 tangu Juni 11, 2024. Maombi hayazidi miezi 6 kabla na yasipungue siku 15 kabla ya safari. Majibu kwa kawaida siku 15, yanaweza kwenda hadi 45. Bima ya safari ya angalau yuro 30,000 ni lazima. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya kutoka kule, na kurasa mbili tupu.

Sasa sikilizeni hili. Kanuni za Schengen zinasamehe ada kwa wanafunzi na "walimu wanaofuatana nao" kwenye safari za masomo. Walimu wengi wanalisoma hilo wanafurahi kwamba mwalimu halipi. Msamaha ni wa mwalimu anayeongozana na wanafunzi wake. Mwalimu anayekwenda peke yake kwenye kozi yake mwenyewe analipa, isipokuwa ubalozi umeamua vinginevyo, kwa mfano anapokwenda kwa ufadhili wa taasisi ya nchi hiyo. Nenda na pesa yako kamili, ukisamehewa mshukuru Mungu.

Na siku zinahesabiwa kwa mashine sasa. Mfumo wa EES ulianza Oktoba 12, 2025, unachukua picha na alama za vidole mpakani badala ya muhuri. Ukizidisha hata siku moja inaonekana.

---

Hesabu na Fizikia

Walimu wa sayansi msijione mmeachwa. India wana mpango wa ITEC, upo tangu 1964, wenye kozi fupi nyingi, za ualimu zikiwemo, na wanalipa tiketi, ada, malazi na posho. Ukikubaliwa, viza inatolewa na ubalozi wao hapa Dar bila malipo kwa jina la mpango huohuo. Kosa la watu ni kukimbilia e-viza ya utalii ya India kwa sababu inapatikana haraka kwa simu. Ile ya utalii inakubali kozi fupi zisizo rasmi, kama yoga, muziki au mapishi, zisizotoa cheti cha kitaaluma. Kozi ya ualimu yenye cheti haimo humo.

China nako kuna herufi za kuzingatia. Semina za serikali yao na ziara za mafunzo kwa kawaida ni F. Masomo chuoni yasiyozidi siku 180 ni X2, yakizidi ni X1. Barua ya mwaliko ndiyo inayoamua herufi, usimwambie ofisa wewe.

Japani kupitia JICA, shirika lao la ushirikiano wa kimataifa, wenyewe wanakuongoza hatua zote, viza ikiwemo. Kazi yako ni kufuata tarehe zao bila kuchelewa hata moja. Na popote uendapo uwe na kile kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano ndani ya pasi.

---

Binti wa Tegeta

Mimi ni mwalimu wa shule binafsi. Kuna kozi Marekani, wiki tatu, nilikuwa nimeipenda sana. Nayo ni viza ya mgeni?

---

Chaki Nyeupe

Dada yangu, kwa sasa iweke kando hiyo. Rais wa Marekani alisaini tangazo Desemba 2025 lililoanza kutumika Januari 1, 2026, na Tanzania imo kwenye nchi ambazo utoaji wa viza za B, F, M na J umesimamishwa. Hizo ndizo herufi zote ambazo kozi ya mwalimu ingeweza kupita: mgeni, mwanafunzi, ufundi na programu za kubadilishana. Yapo mambo machache yaliyoachwa nje ya zuio, lakini kozi ya kujilipia haimo. Kama umelipa amana, waandikie leo urudishiwe au wakuhamishie kwenye kozi ya mtandaoni. Inauma, najua.

Ukitaka Kiingereza, angalia Kanada: kozi ya miezi 6 au pungufu haihitaji kibali cha masomo, viza ya mgeni inatosha, ada dola 100 za Kanada na alama za vidole dola 85. Australia nao viza ya mgeni, ile ya namba 600, inaruhusu kusoma hadi miezi 3. Na usisahau kwamba CELTA yenyewe inafundishwa pia mtandaoni kikamilifu. Cheti ni kilekile. Kama unachotaka ni cheti na si safari, umeokoa viza, tiketi na malazi.

---

Binti wa Tegeta

Sijui kama mtandaoni ni sawa kwangu. Nataka kusimama kwenye darasa la watu wa mataifa mengine. Ila nashukuru sana kwa kunieleza ukweli kabla sijalipa.

---

Chaki Nyeupe

Sababu nzuri kabisa, na iandike hivyo kwenye barua yako ya maombi utakapochagua nchi. Maofisa wanapenda kujua kwa nini mtu asisome palepale alipo. Mwajiri wako wa shule binafsi akuandikie barua na uambatishe mkataba, hasa kama unaendelea zaidi ya tarehe ya kozi. Mkataba unaokwisha mwezi uleule unaosafiri huwa unaleta shaka.

---

Jamaa wa Kariakoo

Na ukinyimwa je? Maana mnaongea kama kila aliye mkweli anapata.

---

Madam Tabata

Swali zuri, na hapana, si kila mkweli anapata.

Nchi hazifanani. Schengen wanakupa karatasi yenye sababu iliyowekewa alama, na haki ya kukata rufaa kwa utaratibu wa nchi husika. Ireland rufaa ni ndani ya miezi 2 na hailipiwi. Uingereza kwa viza ya mgeni hakuna rufaa ya kawaida, ila unaweza kuomba upya wakati wowote kwa kulipa tena. Kuomba upya na karatasi zilezile ni kutupa pesa. Soma barua ya kukataliwa sentensi kwa sentensi, kila sababu uipatie nyaraka yake, ndipo urudi. Na safari ijayo, kokote, ukiulizwa kama ulinyimwa, sema ndiyo na ueleze.

Kwa hiyo mleta uzi, waulize chuo sasa hivi: nikinyimwa viza, ada inarudi kiasi gani, na ndani ya siku ngapi? Vingine vinarudisha vikiona barua ya kukataliwa, vingine vinahamisha tarehe tu. Tiketi nayo usilipie mpaka viza itoke. Uingereza wenyewe wanashauri hivyo. Wape mpango wa safari na tarehe, inatosha. Dada wa Mwanza asipoteze pesa yake.

---

Ticha wa Temeke (mleta uzi)

Wakuu sijui niwashukuru vipi. Nimeshachukua uamuzi. Naomba Standard Visitor, kusudi naandika kusoma, na kozi naitaja kwa jina lake. Nimewaandikia chuo mchana huu kuhusu ithibati, zile sentensi mbili za mazoezi ya kufundisha, na marejesho ya ada. Kesho asubuhi barua ya kibali inakwenda kwa mkuu wa shule, kisha nazungumza na dada kuhusu barua yake na cheti cha kuzaliwa. Pasi yangu ni ile ya kielektroniki, ina miaka kadhaa mbele, hapo sina wasiwasi. Mwenzangu wa Ireland nimemtumia uzi huu mzima.

Chaki Nyeupe, chuo wakijibu naomba niweke barua hapa uipitie kabla sijajaza fomu.

---

Chaki Nyeupe

Iweke mwalimu, nitaipitia kwa moyo mmoja. Ila kabla hujaipandisha, ziba jina lako, namba ya pasi, tarehe ya kuzaliwa na namba ya udahili. Uzi huu unasomwa na watu wengi, akiwemo pengine yule wa Posta.